Mzigo wa Masomo Chuoni: Kijana Ajitwike Kozi Ngapi kwa Muhula?

Kila mwaka vyuo vikuu vifunguapo milango, nyumba nyingi za Waislamu hupata furaha kubwa. Kijana amepata nafasi. Godoro limenunuliwa, sanduku limefungwa, dua imesomwa, na mama amemtilia mwanawe vitafunio vya njiani. Lakini liko jambo moja ambalo aghalabu halizungumzwi katika nyumba hizo mpaka muda wake umekwisha pita, nalo ni hili: kijana huyo akifika chuoni, atajitwika masomo mangapi katika muhula mmoja?

Mwezi huu tumekusudia kulieleza jambo hili kwa kadiri ya uwezo wetu. Tumewaona vijana wenye akili na bidii wakirudi nyumbani na huzuni kwa kuwa walibeba kuliko nguvu zao. Tumewaona na wengine waliobeba kidogo mno, wenzao wakahitimu na kuwaacha nyuma. Wote wawili walihitaji ushauri kabla ya kutia sahihi karatasi zao, wala hawakuupata.

Sisi wenyewe ni waalimu wa chuo cha Kurani, na shule yetu ya serikali iliishia darasa la saba. Hatukukaa katika kumbi za vyuo vikuu. Lakini watoto waliokaa mikekani mbele yetu na juzuu zao wamekwenda huko, na likizo huja kututazama. Karatasi zao tumezisoma pamoja nao, yasiyotuelea tumeyauliza, na hesabu tumeipiga nao mstari kwa mstari. Hayo ndiyo tunayowaletea hapa.

KREDITI NI NINI?

Chuoni mwaka hugawanywa mihula miwili, na kila somo, ambalo wao huliita kozi, lina uzito wake. Uzito huo hupimwa kwa krediti. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Katika saa hizo zimo za kumsikiliza mhadhiri, za semina, za maabara, za maktaba, za kuandika, na za kujisomea usiku. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Yaani 120 kwa mwaka, na 60 kwa muhula.

Basi na tuhesabu. Krediti 60 ni saa 600. Tukizigawa kwa wiki 15 za masomo, twapata saa 40 kwa wiki. Hiyo ni kazi ya mtu aingiaye ofisini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi alasiri, siku tano kwa juma. Mwanafunzi wa chuo kikuu, akiwa na mzigo wa kawaida tu usiozidi, ni mtu mwenye kazi kamili. Mzazi amwonaye mwanawe nyumbani mchana na kitabu mkononi asidhani kuwa amekosa la kufanya.

Ratiba ndiyo inayowadanganya wengi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, sawa na saa 8 kwa wiki. Lakini katika ratiba iliyobandikwa ukutani huenda zikaonekana saa nne tu. Nne zilizobaki hazikuandikwa popote. Ni juu ya mwanafunzi mwenyewe kuzitafutia mahali. Kijana huiona nafasi nyeupe katika ratiba yake, akadhani ni wakati wa bure, akaitilia kozi nyingine. Kumbe nafasi ile ilikuwa na mwenyewe.

VIPIMO VYA NCHI NYINGINE

Desturi ya kuyahesabu masomo kwa saa ina asili ya Marekani. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa mali ili waalimu wa vyuo wapate pensheni wakizeeka, na taasisi iliyoisimamia mali hiyo ikavitaka vyuo vilivyoihitaji vikubali kuyapima masomo ya sekondari kwa saa zilizofundishwa. Kipimo hicho kikaenea mpaka ndani ya vyuo vyenyewe, na leo dunia karibu nzima yahesabu kwa namna hiyo, ingawa vibaba vyao havilingani.

Twalitaja hili kwa ajili ya vijana wetu walioko ng'ambo na wale wanaojiandaa kwenda. Huko Marekani krediti moja huchukuliwa kuwa saa moja ya darasani kila wiki, pamoja na saa mbili za kujisomea nje yake. Shahada ya kwanza ni krediti 120 hivi, na mwendo wa miaka minne ni krediti 15 kwa muhula. Maana yake saa 45 za kazi kwa wiki. Mwenye krediti 12 huhesabiwa kuwa mwanafunzi kamili, na mgeni mwenye viza ya masomo iitwayo F-1 hatakiwi kushuka chini ya hapo ila kwa ruhusa. Lakini atakayechukua 12 tu katika kila muhula, akipata mihula 8 atakuwa na krediti 96. Zitamkosa 24, nazo ni mwaka mmoja zaidi wa ada na kodi ya chumba. Katika nchi nyingi za Ulaya mwaka una krediti 60, na kila moja ni saa 25 mpaka 30. Uingereza mwaka una krediti 120 za saa 10, kama kwetu.

Kwa hiyo kijana wa Tanga asijilinganishe na binamu yake aliyeko Minneapolis kwa kusema, "Yeye ana krediti 15 nami nina 60, basi mimi nasoma mara nne yake." Mmoja apima kwa pishi na mwingine kwa kibaba. Wakirudisha hesabu kwenye saa, wataona kuwa kazi zao zakaribiana.

SAA 168 ZA WIKI

Wiki ina saa 168, kwa tajiri na kwa maskini. Tumchukue kijana anayesoma Dar es Salaam na kulala kwa wazazi wake Mbagala. Akilala saa 7 kila usiku, zimekwenda 49. Swala tano pamoja na udhu wake, tukizipa nusu saa kila moja, ni saa 17 na nusu. Kula, kuoga, kufua na kupiga pasi, saa 3 kwa siku, ni 21. Daladala za kwenda na kurudi, saa 3 kwa siku tano, ni 15. Jumla ni saa 102 na nusu. Zimebaki 65 na nusu.

Akiwa na kozi tano za krediti 12, masomo yatachukua 40. Zitabaki 25 na nusu za kumzuru mgonjwa, kuhudhuria maziko, kucheza mpira, kukaa na wazee, na kupumzika. Huyo ana mzigo anaouweza.

Akiongeza kozi ya sita, masomo yatakuwa saa 48, na zitabaki 17 na nusu. Bado yawezekana, ikiwa hana shughuli nyingine. Lakini tuseme kijana huyu huuza dukani kwa mjomba wake saa 20 kwa wiki. Kwa kozi tano atabakiwa na saa 5 na nusu. Kwa kozi sita amekwisha kopa saa 2 na nusu asizokuwa nazo. Je, saa hizo zitatoka wapi? Zitatoka kwanza katika usingizi, kisha katika swala ya alfajiri, kisha katika masomo yenyewe aliyoyaongeza.

Sasa tumtazame dada yake. Naye asoma chuo hicho hicho, kozi zile zile tano. Lakini arudipo jioni humngoja jiko la nyumba nzima, vyombo, na wadogo zake wa kuogeshwa. Kazi hiyo tukiipa saa 3 kwa siku ni saa 21 kwa wiki, nayo haikuandikwa katika ratiba ya chuo wala katika daftari la baba. Anabakiwa na saa 4 na nusu kwa wiki nzima. Binti huyu amejaza pishi lake kabla ya kufikiri kozi ya sita. Na akishindwa mtihani, watu watasema kuwa elimu ya juu haikumfaa.

KWA NINI HUJITWIKA?

Wako wanaofuata rafiki zao: fulani ana saba, nami nisipungue. Wako walioshindwa kozi mwaka uliopita, nao hulazimika kuibeba pamoja na za mwaka mpya. Wako wanaosomea uhasibu wanaotaka mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ambayo hufanywa Mei na Novemba, wakati mihula ya vyuo inaendelea. Na wako, nao ndio wanaotutia huruma zaidi, wanaojitwika kwa kuwaonea imani wazazi wao.

Likizo moja alitujia binti tuliyemfundisha tangu alifu na bee.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za masomo?"

Akatutolea karatasi ya muhula uliokuwa ukimngoja. Zilikuwemo kozi sita, na moja haikuwa ya lazima. Tukamwuliza sababu yake.

"Nataka nimpunguzie baba gharama, mwalimu. Nikizidisha kila muhula, nitamaliza mapema."

"Na chuo chenu kimekubali mtu ahitimu kabla ya miaka mitatu?"

Akanyamaza. Jambo hilo alikuwa hakuliuliza. Alipokwenda kwa mshauri wake wa masomo akaambiwa kuwa kozi za lazima za mwaka wa tatu hufundishwa katika mwaka wa tatu, wala hakuna kozi ya ziada iwezayo kuzileta mbele. Baba yake angelipa miaka mitatu vilevile. Binti aliifuta kozi ile ndani ya siku zilizoruhusiwa, na saa 8 kwa wiki zikamrudia.

Twasema hivi kwa kuwa wengi hujitwika kwa kutafuta faida ambayo kwa kanuni za chuo chao haipo. Katika vyuo ambako kozi hazikufungwa kwa miaka, kuongeza huweza kweli kufupisha safari. Basi swali la kwanza si "Naweza?", bali "Nikiweza, nitapata nini?"

HESABU YA ALAMA

Katika vyuo vyetu vingi alama ya A hupewa pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, na C pointi 2. Kila pointi huzidishwa kwa krediti za kozi yake, jumla ikagawanywa kwa krediti zote. Na wastani huo ndio utakaoandikwa katika cheti. Mwenye 3.5 mpaka 4.3 hupata daraja la pili la juu, mwenye 2.7 mpaka 3.4, daraja la pili la chini.

Sasa mwanafunzi aliyechukua kozi tano akazipata zote kwa B+ ana wastani wa 4.0. Mwenzake aliyechukua sita, akachoka, akazipata zote kwa B, ana 3.0. Huyu wa pili amesoma zaidi na amekesha zaidi, lakini cheti chake kitakuwa chini ya cha mwenzake. Chini ya 2.7 mlango wa shahada ya uzamili huwa mzito kufunguka.

Akishindwa kozi, hufanya mtihani wa marudio, ule wauitao "sap". Na aghalabu alama ya juu atakayoandikiwa hapo ni C, hata kama amejibu kila swali. Akishindwa tena, kozi hiyo humfuata mwaka ujao na kukaa juu ya mzigo mwingine. Hivyo ndivyo mzigo uzaavyo mzigo. Isitoshe, katika vyuo vingi alama 40 katika 100 hutokana na kazi za katikati ya muhula. Aliyezidiwa huanza kuzipoteza alama hizo kidogo kidogo, ripoti moja hapa na jaribio moja pale, na akifika chumba cha mtihani amekwisha punguka.

Waislamu si wageni wa somo hili. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imo habari ya Abdallah bin Amr, radhi za Mungu ziwe juu yake, kijana aliyekuwa akifunga kila siku na kuhitimisha Kurani kila usiku. Mtume (s.a.w.) alimtaka apunguze, akamweleza kuwa mwili wake, na macho yake, na mkewe, na wageni wake wote wana haki juu yake. Abdallah akazidi kuomba aruhusiwe zaidi, kwa kuwa alijiona ana nguvu. Alipokuwa mzee alitamani lau angaliikubali ile tahafifu aliyopewa tangu mwanzo. Na ikiwa ibada yenyewe ina kipimo, kozi ya chuo itakosaje?

Hata hivyo tusifahamike vibaya. Hatumsifu mvivu. Kijana asiye na kazi, asiye na mgonjwa nyumbani, anayelala bweni hatua chache kutoka darasani, kisha akatafuta kozi nyepesi ili apate kukaa barazani, huyo apoteza mali ya wazazi wake na umri wake. Mzigo mdogo usio na sababu nao ni dhulma.

NAMNA YA KUAMUA

Kwanza, kabla ya kujaza karatasi, andika saa zako 168 kama tulivyofanya hapa. Andika na zile za jikoni, za dukani na za njiani. Zitakazobaki ndizo mali yako. Usitumie zaidi yake.

Pili, uliza chuoni mambo manne: kozi zipi ni za lazima, kozi ipi hufungua mlango wa nyingine, krediti chache kabisa na nyingi kabisa ni ngapi kwa muhula, na siku ya mwisho ya kuongeza au kufuta kozi ni ipi. Yaulize kwa mshauri wa masomo, wala usitosheke na maneno ya mabwenini.

Tatu, changanya uzito. Kozi tano za hesabu tupu zitakuchosha upande mmoja, na kozi tano za kuandika makala marefu zitakutaka yote katika wiki moja. Za hesabu zikiwa mbili, ya maabara moja, na za kusoma na kuandika mbili, akili hupata kupumua.

Nne, muhula wa kwanza chukua zilizo lazima tu. Hujajua bado mwendo wako. Mtoto wa chuoni kwetu haanzi kwa Yasini. Huanza kwa herufi, kisha irabu, kisha juzuu ya Amma. Aliyeharakishwa hupita sura nyingi, na akirudishwa nyuma hana hata moja. Hesabu saa ulizosoma kweli kwa wiki mbili za mwanzo. Ikiwa zimezidi nguvu zako, futa kozi ya ziada kabla mlango haujafungwa.

Tano, tazama Ramadhani imeangukia wapi. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11. Ikiangukia wiki za mitihani, kijana afungaye na kusali tarawehe asiwe na kozi ya ziada muhula huo, na kazi zake za kuandika azimalize katika Shaabani.

Sita, likitokea la kutokea, ugonjwa au msiba, usijifiche. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha mtihani au masomo kwa barua na ushahidi. Aliyeandika barua hungojewa. Aliyetoweka huandikiwa sifuri.

Na kwa wale walioajiriwa, na akina mama wenye watoto wadogo, kiko Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambako mtu husoma akiwa kwake na kuruhusiwa kuitandaza shahada kwa miaka mingi zaidi. Anayekwenda polepole kwa kukusudia yuko mbele ya aliyekimbia akaanguka.

NENO KWA WAZAZI

Enyi wazazi, swali la "Utamaliza lini?" linawauma watoto wenu kuliko mnavyodhani, na ndilo linalowasukuma kuongeza wasiyoyaweza. Liacheni kidogo. Muulizeni kijana, "Wiki hii umelala saa ngapi?" na "Kozi ipi inakuelemea?" Mkaeni naye barazani kabla ya muhula, akusomeeni karatasi yake kwa sauti, nanyi mwambieni kweli yale mtakayomtaka nyumbani. Ikiwa binti yenu ana kozi tano, jiko la jioni ligawanywe; kaka yake naye ana mikono miwili. Wiki za mitihani msimwite kwa kila arusi ya ukoo. Jamaa watanung'unika siku moja. Cheti chake ataishi nacho maisha yake yote.

Nanyi vijana, mkirudi nyumbani msiwafiche wazazi mzigo wenu kwa kuona haya. Ada waliyoitoa, wengine waliitoa kwa kuuza shamba la minazi au mbuzi wa mwisho zizini. Yawapasa mjue mnachokibeba, na yawapasa wao nao wajue, ili mkibebe pamoja mpaka mwisho wa njia.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, awape afya ya kuibeba, na awape wazazi wao subira. Amin.